Jibini la Kuchovya Lililolegea Usiku: Kosa Lilikuwa Nanasi

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninaishi Chumbageni, hapa Tanga. Mwezi uliopita tulipokea wageni waliokuja kumposa mdogo wangu, nikaamua kuwaandalia jibini la kuchovya, lenye chumvi kidogo na utamu kidogo, kama nililolila kwa rafiki yangu Dar es Salaam. Krimu chizi ya dukani, lile jibini laini la kupaka, bei yake ilinishinda, kwa hiyo nilichuja pakiti mbili za mtindi kwa chujio la chai kwa saa moja, nikachanganya na chizi ya kukwaruza, kitunguu kibichi, asali, na nanasi bivu ambalo mume wangu alilinunua Kiwangwa akitoka safari. Usiku nilipolionja lilikuwa zuri sana. Asubuhi nililikuta limelegea kama uji, maji yamejitenga, na lina uchungu. Wageni wanarudi baada ya wiki mbili kuleta mahari. Nilikosea wapi, na je, ipo njia rahisi isiyohitaji vitu vya gharama?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa posa. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana katika mistari michache umenitajia makosa mawili ambayo hata moja lake lingetosha kuharibu bakuli zima, na moja kati ya hayo hata wapishi waliozeekea jikoni wengi hawalijui. Nitaanza na hilo.

Kilicholilegeza jibini lako na kulitia uchungu ni nanasi bichi. Ninaposema bichi sina maana ya nanasi ambalo halijaiva. Nina maana ya nanasi ambalo halijapita motoni, hata kama limeiva mpaka harufu yake imejaa nyumba nzima. Tunda hilo lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini, na jibini, ukiondoa mafuta na maji, ni protini ya maziwa iliyoshikana kama wavu. Ule wavu ndio unaolifanya jibini lisimame katika kijiko. Bromelaini inapoukata, maji yaliyokuwa yameshikwa ndani yake hutoka, jibini hulegea, na vile vipande vidogo vya protini vinavyobaki baada ya kukatwa vina ladha ya uchungu. Kazi hiyo haifanyiki papo hapo, na ndiyo maana ulipoonja usiku uliona kila kitu kiko sawa. Ulilala, kimeng'enya hakikulala.

Wewe uliyekulia pwani jambo hili unalijua tayari, ila umelizoea katika nyama. Unapoitia nyama ya mishikaki papai bichi lililopondwa ili ilainike kabla ya kwenda kwenye makaa, kinachoilainisha ni papaini, ndugu yake bromelaini. Na sote tunajua kwamba nyama hiyo ikisahauliwa ndani ya papai usiku kucha, asubuhi haishikiki kwenye kijiti. Hata ule muwasho wa ulimi unaokupata ukila nanasi jingi, kimeng'enya hicho kina mkono wake. Nilipokuwa nikifundisha sayansi kimu nilikuwa nawaambia wanafunzi wachukue vikombe viwili, wavitie vijiko vitatu vitatu vya mtindi mzito, kimoja wakitie vipande vya nanasi bichi na kingine vipande vya nanasi lililochemshwa, kisha waviache juu ya meza mpaka kipindi cha mchana. Cha kwanza kilikuwa kikimwagika kama maziwa, cha pili kijiko kinasimama. Hakuna maelezo ya ubaoni yaliyowahi kuwakaa kichwani kama vile vikombe viwili.

Dawa yake ni moto. Nanasi likichemka kwa dakika kumi na zaidi, kimeng'enya huharibika na tunda hubaki na utamu wake bila madhara yoyote kwa maziwa; kwa sababu hiyo nanasi la kopo, ambalo limekwisha kupikwa kiwandani, halina tatizo. Papai nalo liweke mbali na jibini, hata bivu. Embe, ndizi, zabibu na tende hazina shida hiyo. Kwa hiyo lile nanasi la Kiwangwa halikuwa na kosa lolote, na mume wako usimlaumu kwa zawadi yake. Lilikosa sufuria tu.

Kosa la pili ni maji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hata ungeacha nanasi kabisa jibini lako lingejitenga, ingawa si kwa kiasi kile. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na mtindi, hata ukionekana mzito kiasi gani ndani ya pakiti, ni maziwa yale yale yaliyoganda bila kupunguzwa maji. Saa moja katika chujio la chai hutoa maji ya juujuu tu. Kisha ukaongeza kitunguu kibichi, ambacho nacho karibu chote ni maji, na ukaongeza chumvi na asali, ambavyo vyote viwili huyavuta maji kutoka katika chochote vinachokutana nacho. Kata kitunguu, kinyunyizie chumvi kama ufanyavyo kwa kachumbari, kiache robo saa, utaona sahani imejaa maji. Ndivyo ilivyotokea ndani ya bakuli lako gizani mwa friji.

Kwa hiyo siri ya jibini la kuchovya, kwa anayelitengeneza nyumbani bila krimu chizi ya dukani, haiko katika viungo bali katika kuchuja. Ukichuja vizuri, viungo vyovyote vya busara utakavyovitia vitapokewa. Ukichuja vibaya, hakuna kiungo kitakachokuokoa, na unga wa mahindi ambao baadhi ya watu huutia ili uzito urudi huleta ladha ya uji mbichi ambayo mgeni ataitambua hata kama ana adabu ya kutosema.

Chukua lita moja ya mtindi mzito wenye mafuta yake yote, usio na sukari wala ladha ya matunda. Hapa Tanga hatuna kisingizio cha kukosa maziwa; ni mkoa wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kiwanda cha Tanga Fresh kimewafanya watu wa mikoa mingine walijue jina la mji wetu kwa pakiti za mtindi kabla hawajaijua bandari yake. Hata hivyo soma maandishi ya pakiti, yoyote ile. Ukiona imetajwa sukari, achana nayo, kwa sababu utamu tutautia wenyewe na mahali tunapopataka. Ukiona imetajwa wanga au jelatini, achana nayo pia, maana vitu hivyo hutiwa ili kuyashika maji yasijitenge, nasi tunataka yajitenge. Mtindi wa namna hiyo unaweza kuuning'iniza usiku mzima na ukapata vijiko vichache tu vya maji. Jelatini ina jambo jingine la ziada kwa nyumba ya Waislamu, kwa kuwa asili yake ni mifupa na ngozi za wanyama na pakiti haisemi kila mara ni mnyama gani. Jibini tunalolitengeneza hapa, kwa kuwa linaganda kwa uchachu peke yake, halihitaji hata renneti, ile dawa ya kugandishia ambayo kwa asili hutolewa katika tumbo la ndama, na hivyo, usipoongeza chizi ya dukani, mgeni mwenye kuuliza unaweza kumjibu bila wasiwasi.

Kama unanunua maziwa mabichi kwa jirani na kugandisha mwenyewe, yachemshe kwanza mpaka yafure, yaache yapoe yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mtindi wa zamani. Katika hili sina upole. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya brusela na hata kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda kwake hakuviui vijidudu hivyo. Mgando wa kibuyu wa maziwa yasiyochemshwa, hata ukiwa mtamu kiasi gani, usiupeleke mbele ya wageni.

Tia katika mtindi nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge. Chumvi ikiwekwa sasa husaidia kuyasukuma maji nje, na sehemu yake itaondoka pamoja nayo. Kisha tafuta kitambaa. Chujio la chai lina matundu makubwa na eneo dogo. Unachohitaji ni bafta nyeupe ya yadi moja, iliyokunjwa mara mbili, iliyochemshwa kwa maji matupu na kukamuliwa. Kanga kuukuu pia hufaa, lakini usiichukue ile iliyokaa sandukuni na nguo za kutokea, kwa sababu maziwa hunyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni. Mimi nimewahi kukaribishwa jibini lenye harufu ya udi, na mwenye nyumba alikuwa akitafuta sababu katika iliki yake.

Tandaza bafta ndani ya kung'uto, mimina mtindi, kusanya ncha nne uzifunge kwa uzi, kisha ning'iniza fungu hilo juu ya bakuli refu ndani ya friji. Njia rahisi ni kupitisha mwiko chini ya fundo na kuuweka mwiko ukingoni mwa sufuria yenye kina, ili fungu lining'inie bila kugusa maji yanayodondoka. Mwanzoni matone hufuatana haraka. Baada ya saa moja hupungua, na hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Liache kwa muda wa saa 12. Asubuhi utakuta bakulini zaidi ya nusu lita ya maji yenye rangi ya njano inayoelekea kijani, na ndani ya bafta kitu cheupe, kizito, kinachojimenya kutoka kitambaani chenyewe bila kuacha mabaki. Lita moja hunipa kati ya gramu 350 na 450, kutegemea mtindi. Kipimo changu si mizani: ninachota kijiko kamili, nakigeuza juu chini, na kuhesabu mpaka kumi. Likikaa, liko tayari. Likidondoka, linarudi kwenye bafta kwa saa nyingine nne, na mara hii nalikandamiza kwa sahani yenye kopo la nyanya juu yake.

Nimesisitiza friji kwa sababu ya joto letu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, usiku wa Tanga haupoi vya kutosha, na mtindi ulioning'inizwa dirishani huendelea kuchachuka mpaka unakunja uso. Mwaka mmoja nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa vitafunio vya walima huko Ngamiani. Umeme ukakatika saa tatu usiku, nami kwa kiburi cha uzoefu nikalitoa fungu nikalitundika barazani penye upepo. Alfajiri jibini lilikuwa kali kama siki. Nikatia sukari, likawa kali na tamu. Nikatia chembe ya baking'i soda, kwa sababu nilijua soda huua uchachu, na kweli uchachu ulipungua, lakini ladha iliyobaki ilikuwa ya sabuni ya kufulia. Wageni walikula bajia kwa chatne ya ukwaju siku hiyo, na hakuna aliyejua kilichokosekana. Umeme ukikatika, mwanangu, nunua barafu ya wauza samaki, uizungushie sufuria ndani ya beseni, ulifunike kwa gunia bichi, usimwamini upepo.

Ipo njia ya pili inayohitaji muda mfupi: kuchemsha lita mbili za maziwa, kuepua, kutia vijiko vinne vya chakula vya maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yakatike, na kuchuja kwa nusu saa. Jibini lake ni la punjepunje na lazima lisagwe kwenye blenda pamoja na vijiko kadhaa vya mtindi ndipo lilainike. Ni nzuri kwa aliyebanwa na muda. Wewe una wiki mbili, fuata ya kwanza.

Sasa tuchanganye. Gramu 50 za siagi zitoe nje mapema mpaka zilainike kabisa, kwa maana kidole kizame bila nguvu. Siagi ya baridi ikikutana na jibini la baridi hubaki vidonge vidogo ambavyo hata blenda haivimalizi. Zipige kwa mwiko mpaka zigeuke rangi na kuwa nyepesi, ndipo uongeze jibini vijiko viwili viwili. Siagi hii ndiyo inayochukua nafasi ya malai ambayo krimu chizi ya dukani imejaaliwa nayo. Pia inapokaa katika friji hushikana na kulipa jibini umbo. Ponda punje moja ndogo ya kitunguu saumu pamoja na chumvi katika kinu mpaka iwe kama mafuta, utie. Moja, na ndogo. Saumu bichi hukua usiku, na bakuli lililoonjwa jioni likawa la kiasi huweza kuwa la kufukuza wageni kesho yake mchana. Tia nusu kijiko cha chai cha pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, na pilipili mbuzi nusu, iliyotolewa mbegu na kukatwa vipande visivyoonekana.

Chizi ya kukwaruza uliyoitumia si ya lazima, lakini kwa kuwa hili ni jambo la mahari unaweza kuongeza gramu 60 za jibini gumu. Ukipata mtu anayeshuka kutoka Lushoto, shamba la Irente lina jibini lake ambalo mimi hulipenda kuliko mengi ya madukani. Jibini gumu lina chumvi yake yenyewe, kwa hiyo likiingia, usiongeze chumvi mpaka uwe umeonja. Zile chizi laini za pembetatu nazo huchanganyika vizuri, ila ladha yake ni ya chakula cha watoto. Tena, nimekuwa nikiandika jibini na chizi kwa kubadilishana kama wewe ulivyofanya. Kwenye vitabu ni jibini, dukani ni chizi, na ukimwambia kijana wa siku hizi kwamba unamwandalia mgeni chizi, jihadhari asidhani unamleta mwendawazimu.

Tukija kwenye utamu, hapa nina msimamo ambao si wote wanaoukubali. Utamu usichanganywe ndani. Jibini lenyewe liwe la chumvi na uchachu kidogo, likamilike hivyo, na utamu ukae juu yake kama mgeni wake. Kuna sababu ya maji, ambayo nimekwisha kuieleza: asali ikikorogwa ndani huvuta maji na kulilegeza jibini. Na kuna sababu ya ulimi. Vikichanganywa, chumvi na sukari hufifishana mpaka ladha inakuwa moja isiyo na jina, lakini vikikutana mdomoni vikiwa bado vimetengana, kila kimoja humtambulisha mwenzake. Mpwani hahitaji kufundishwa hili, maana ndilo tunalolifanya tunapokula embe kwa chumvi na pilipili.

Nanasi lako ndilo litakalokuwa utamu huo, safari hii likiwa limepikwa. Kata vikombe viwili vya vipande vidogo kabisa, uvitie katika sufuria pamoja na vijiko viwili vya chakula vya sukari, chembe ya chumvi, punje tatu za iliki zilizopondwa na kipande cha mdalasini. Vya Amani, kule Muheza, vina harufu inayostahili kazi hii. Pika kwa moto mdogo bila kufunika. Maji yatatoka kwa wingi, yatachemka, yatapungua, na baada ya dakika 20 au 25 utaona ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaacha njia inayochelewa kujifunga. Hapo ndipo penyewe. Ukiepua kabla, maji yatashuka ndani ya jibini. Ukichelewa, utapata peremende. Kamulia ndimu nusu, uache lipoe kabisa, na ninaposema kabisa nina maana ya kuligusa sufuria chini kwa kiganja na kutohisi chochote, kwa sababu nanasi la vuguvugu litaiyeyusha siagi yetu yote.

Kama msimu si wa nanasi, tende nane zilizotolewa kokwa, zikalowekwa kwa maji ya moto yenye ukwaju kidogo na kupondwa, hufanya kazi hiyo hiyo na mimi binafsi nazipenda zaidi. Asali peke yake nayo yatosha, ya Handeni ikipatikana, vijiko viwili, lakini imwagwe mezani, mbele ya wageni, si jikoni.

Kitunguu usikitie kibichi. Kikate vipande vyembamba, ukikaange kwa samli kama cha biriani mpaka kiwe cha kahawia na kikavu, ukieneze juu ya karatasi kipoe. Kaanga pia ufuta kijiko kimoja bila mafuta mpaka uanze kurukaruka, na kiganja cha korosho uzivunje vipande. Hivi vitatu hutiwa dakika ya mwisho kabisa, kwa sababu kitunguu kilicholala juu ya jibini huwa kama kamba iliyolowa.

Pakulia katika sahani pana badala ya bakuli refu. Lieneze jibini kwa mgongo wa kijiko, ukizungusha ili kubaki mfereji wa duara. Nanasi likae ndani ya mfereji, katikati pabaki peupe, ufuta na korosho na kitunguu vinyunyizwe pembezoni. Hivyo kila anayechovya huchagua mwenyewe achote chumvi tupu au apitie mferejini. Kwa kuwa ni shughuli ya mahari na wanaume watakaa mbali na wanawake, tengeneza sahani mbili ndogo badala ya moja kubwa, na ya barazani izidishiwe pilipili manga. Weka kijiko kidogo kando ya kila sahani, kila mtu ajipakulie kwenye kisahani chake, maana si wote wanaopenda kuona kipande kilichong'atwa kikirudi kuchovya mara ya pili, na mkwe hawezi kukemewa.

Cha kuchovya kisiwe kitamu. Mihogo iliyokatwa nyembamba na kukaangwa mpaka ikauke ndiyo chaguo langu la kwanza, ikifuatiwa na ndizi mbichi zilizokaangwa hivyo hivyo, na vipande vya chapati ya jana vilivyokatwa pembetatu na kukaushwa juu ya kikaango kisicho na mafuta. Mkate wa ajemi wa moto unafaa pia, ila hujaza tumbo kabla ya pilau. Matango na karoti wekea wazee wenye kisukari, ambao kwao upande mweupe wa sahani ni salama zaidi kuliko mferejini. Na kama kuna mwenye shinikizo la damu, ujue kwamba jibini lolote lina chumvi, hata letu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Bibi harusi mtarajiwa ana dada mwenye mimba? Kama mtindi wenu ulitokana na maziwa yaliyochemshwa au ya kiwandani, ale lililotengenezwa siku hiyo hiyo, lisilolala.

Kuhusu muda, nadhani wageni wa mahari watakuja baada ya sala ya alasiri. Basi ning'iniza mtindi jioni ya siku iliyotangulia, pika nanasi usiku huo, changanya jibini asubuhi baada ya chai, na lirudishe katika friji saa nne nzima ili saumu na pilipili zitulie. Litoe dakika 20 kabla ya kuliandaa, kwa sababu baridi kali hupoteza utamu mdomoni na siagi huhitaji muda kidogo kulegea. Likishafika mezani lisikae zaidi ya saa moja katika joto letu. Ndiyo faida nyingine ya sahani ndogo mbili, kwamba nyingine inaweza kubaki katika friji ikisubiri. Jibini lenyewe, bila nanasi wala vitunguu juu, hukaa siku tatu likiwa limefunikwa.

Yale maji ya njano yaliyobaki chini ya bafta usiyamwage. Kandia unga wa chapati za siku hiyo hiyo, ukipunguza chumvi kwa kuwa sehemu ya ile nusu kijiko uliyoitia jana iko humo.